Ushauri kwa Kijana wa Kangeta Mwenye Wazo la Filamu

Aghalabu kijana wa Kangeta akiulizwa filamu anayotaka kuitengeneza inahusu nini, hujibu kwa neno moja, miraa, na akiisha kulitamka hunyamaza kana kwamba amekwisha kusema yote. Si ajabu, kwa kuwa jina la mji wake limekuwa jina la aina ya miraa inayonunuliwa Nairobi na Mombasa, na kwa kuwa zao hilo ndilo lililowasomesha kaka zake, ndilo lililojenga nyumba kandokando ya barabara ya Meru na Maua, na ndilo linalozungumzwa tangu alfajiri, wachumaji wanapokwea miti, hata magari yanapoondoka kwa kasi kuwahi soko la mbali kabla mzigo haujanyauka. Lakini miraa si filamu. Miraa ni mada, kama ukame ulivyo mada na siasa ilivyo mada. Na watu wanaoketi kwenye jopo kusikiliza mawazo ya filamu, ili waamue ni lipi litakalopewa fedha na ni lipi litakalorudi nyumbani mikono mitupu, wamekwisha kuzisikia mada zote za ulimwengu huu. Wanachokingoja ni mtu mmoja mwenye haja moja, na kizuizi kilichosimama kati yake na haja yake. Mwenye kuingia mbele yao na mtu huyo amekwisha kufanya nusu ya kazi, na mwenye kuingia na mada peke yake, hata akiwa na ufasaha wa kuwaliza wasikilizaji, atapongezwa kwa ufasaha wake na kusahauliwa kabla ya chakula cha mchana.

Tazama filamu zilizopigwa nchini mwetu, Kenya, zikafika mbali. Mwaka 2017 ilitoka Thank You for the Rain, filamu ya hali halisi juu ya mabadiliko ya tabianchi, mada ambayo imeandikiwa ripoti zisizo na idadi. Lakini aliyemwona Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, akijipiga picha mwenyewe shambani kwa kamera aliyopewa na mwongozaji Julia Dahr wa Norwei, akihangaika kuwashawishi majirani wapande miti huku dhoruba ikiibomoa nyumba yake, na hatimaye akienda Paris kwenye mkutano wa mataifa wa mwaka 2015, huyo hakumbuki ripoti, anamkumbuka Kisilu. Katika Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018, mada ni maradhi yasiyo na tiba. Filamu yenyewe ni msichana mdogo, Jo, anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kinachoungana kumtengenezea filamu ambamo yeye ndiye shujaa. Na katika Softie ya Sam Soko, ya mwaka 2020, mada ni siasa za Kenya, lakini kiini chake ni mtu aliyejitoa kwa nchi yake, Boniface Mwangi, aliyegombea ubunge wa Starehe mwaka 2017, na nyumba yake inayomdai haki yake ya mume na baba. Kila moja ya filamu hizi inaweza kuelezwa kwa sentensi moja, na msikilizaji akisikia sentensi hiyo huuliza bila kutaka, je, ikawaje?

Basi kazi ya kwanza ya mwenye wazo ni kuitafuta sentensi hiyo, na ninaweka mkazo hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu nimeona wengi wakitumia majuma kupamba picha na maandishi ya kuonyesha ukutani ilhali sentensi yenyewe hawajaipata. Hebu tuitafute pamoja kwa mfano wa Kangeta. Kijana anaanza hivi: filamu yangu inahusu athari za miraa katika jamii ya Waigembe. Hiyo ni anwani ya semina. Akiambiwa amtafute mtu, anarudi na hii: filamu yangu inamhusu mama mjane wa Kangeta anayelima miraa na kukabiliana na changamoto nyingi. Hapa amepatikana mtu, na jambo hilo ni la kushukuru, ila haja yake haijulikani, na changamoto nyingi ni maneno ambayo mwandishi huyakimbilia pale anapokuwa hajaamua ni shida ipi hasa. Anarudi mara ya tatu: mjane wa Kangeta anataka mwanawe wa miaka 14 amalize shule, lakini karo hutoka katika miti ya miraa, na miti hiyo haina mkweaji mwingine ila mtoto huyo huyo.

Sasa tumefika. Yeyote anayeijua Igembe, eneo lenye Kangeta, anajua kwamba kazi ya kukwea ni ya wanaume vijana na wavulana, kwa kuwa wepesi wa mwili unahitajika juu ya matawi, na anajua pia kilio cha walimu juu ya wavulana wanaoacha madarasa kwa ajili ya fedha za kuchuma. Kilichokuwa kilio cha jumla kimeingia sasa ndani ya nyumba moja, na uzuri wake ni kwamba hakuna mwovu wa kulaumiwa: mti unaolipa karo ndio unaomtoa mtoto shuleni, na mama anayemtakia mema ndiye mwenye mti. Hadithi ya namna hiyo haihitaji kuongezewa chumvi. Sentensi yako ikiwa na mgongano wa aina hii, ambamo kitu kinachomwokoa mtu ndicho kinachomzamisha, usiibadilishe tena. Kama haina, endelea kuitafuta, hata kama tarehe ya kuwasilisha imekaribia.

Kabla ya kwenda mbele, amua kama filamu yako ni ya hali halisi au ni hadithi ya kubuni, maana uamuzi huo una uzito kuliko unavyodhaniwa. Katika mfano wetu huu, mimi ningeshauri hadithi ya kubuni, na sababu yangu ni heshima kwa wahusika. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamhesabu mzazi asiyempeleka mtoto wake shule kuwa mkosaji; kwa hiyo ukimpiga picha mjane wa kweli na mtoto wake wa kweli akiwa juu ya mti saa ambayo wenzake wako darasani, unaweza kuwa umemwandalia mama huyo ushahidi dhidi yake mwenyewe, na filamu yako ikashangiliwa mahali ambapo hatafika maishani mwake huku yeye akiulizwa maswali na wakubwa wa kwao. Hapana sifa ya sanaa inayostahili kununuliwa kwa bei hiyo. Lakini kama jambo lako ni jingine, tuseme mzee anayekataa kuing'oa miti aliyorithi kwa babu zake ingawa wanawe wanataka kupanda parachichi, hali halisi yaweza kufaa kabisa, madhali mzee mwenyewe ameelezwa kwa lugha yake picha zake zitakwenda wapi, na amekubali kwa maandishi.

Sasa hotuba yenyewe ya kuwasilisha wazo mbele ya jopo. Mashindano na masoko ya filamu hayalingani, lakini mara nyingi utapewa dakika tatu, tano au saba, pamoja na kionjo kama unacho, kisha jopo litauliza maswali. Mfano ufuatao wa hadithi yetu ya kubuni unaweza kutamkwa kwa utulivu pasipo kupita dakika mbili:

"Nimezaliwa Kangeta, na nimechuma miraa tangu utoto wangu. Filamu yangu ni hadithi ya kubuni ya dakika 90, inaitwa Tawi la Juu. Karimi ni mjane mwenye miti 40 ya miraa na mtoto mmoja, Mwenda, mwenye miaka 14. Aliapa siku ya maziko ya mumewe kwamba mtoto huyo atamaliza shule. Mwaka huu mvua zimekawia, bei imepanda, na wachumaji wa kuajiriwa wamekwenda kwa wenye mashamba makubwa wanaolipa zaidi. Jumatatu mtihani unaanza. Jumatatu hiyo hiyo mnunuzi anataka mzigo wake, na fedha za mnunuzi ndizo karo. Saa kumi na moja alfajiri Mwenda anakwea bila kumwambia mama yake. Karimi anatoka nje, anainua macho, anamwona amekwisha kufika tawi la juu, na hawezi kumwita, kwa sababu akishtuka ataanguka. Filamu yote ni siku tano zinazofuata. Nitaipigia picha Kangeta, kwa Kimeru na Kiswahili, na waigizaji wa huko huko. Leo naomba fedha za kuandika mswada wa pili na kuwatafuta waigizaji hao."

Angalia mambo yaliyoachwa. Hakuna neno juu ya Uingereza kupiga marufuku miraa mwezi Juni 2014, wala juu ya Uholanzi iliyotangulia mwaka 2013, wala juu ya ndege za kupeleka miraa Mogadishu zilizosimama mwezi Machi 2020 na kuanza tena Julai 2022, ijapokuwa mambo hayo yote yaligusa kila meza ya chakula huko Igembe na mwongozaji anapaswa kuyajua kwa ghaibu. Hayo ni akiba ya maswali. Mmoja wa jopo akiuliza, kwa nini bei ya soko ina nguvu kiasi hiki juu ya familia hii, hapo ndipo utakapomweleza jinsi mlango wa London ulivyofungwa, na jinsi kijiji kizima kilivyobaki kutegemea milango michache ambayo hufungwa na kufunguliwa kwa amri za serikali za mbali. Na maelezo yako yatapokewa kwa kiu, kwa kuwa ameyataka mwenyewe, ilhali ungeyatanguliza yangesikilizwa kwa adabu tu. Angalia pia kwamba liko tukio moja lililoonyeshwa kwa karibu, mama aliye chini ya mti asiyeweza kupaza sauti. Tukio moja la namna hiyo latosha. Mwenye kusimulia filamu yote kutoka mwanzo hadi mwisho, huyu akaenda, kisha yule akaja, halafu wakakutana, huwachosha watu na huwanyima hamu ya kutaka kuona.

Ukiisha kuiandika hotuba yako, usiikariri kwanza. Iseme mbele ya watu. Mweleze shangazi yako jikoni, mweleze dereva wa bodaboda kwenye stendi, mweleze mwalimu wako wa zamani, kila mmoja kwa wakati wake, wala usiwaulize kama wameipenda, maana watu wetu wana staha na watasema wameipenda. Rudi kesho yake, umwombe kila mmoja akusimulie alichokisikia. Walichokikumbuka wote watatu ndicho kiini cha filamu yako. Walichokisahau wote, hata kama ndicho ulichokipenda kuliko chote, kiondoe. Na mahali ambapo kila mmoja amesimulia jambo tofauti, hapo ndipo palipo na giza katika maelezo yako. Sijaona mtihani ulio bora kuliko huu, na hauhitaji fedha wala umeme. Aidha, mtu aliyekulia Umeruni ana darasa jingine la bure, nalo ni kuwasikiliza wazee wanaposema barazani, hasa walioingia Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru: jinsi wasivyoharakisha, jinsi wanavyolitaja jambo lenyewe mapema na kulizunguka baadaye, na jinsi wanavyonyamaza wakiisha kusema lenye uzito ili liwafikie watu.

Wengine huniuliza kama inafaa kuigiza wakati wa kunadi wazo. Waliotazama Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga, watamkumbuka Mwas, kijana wa mashambani anayeuza filamu kwa kuwaigizia wanakijiji matukio yake kwa mwili na sauti, na wanakijiji wakafurahi. Kipaji hicho ni neema, lakini jopo linanunua hadithi. Sauti yako ipande pale moyo wa hadithi unapopanda, mikono yako ieleze ukubwa wa mti kama ni lazima, na zaidi ya hapo tulia.

Lugha huwatia wengi hofu bila sababu. Mikutano mingi ya filamu ya Nairobi, na ile ya Durban, huendeshwa kwa Kiingereza, na kijana aliyefikiri hadithi yake kwa Kimeru hujiona amepungukiwa. Nasaha yangu ni kwamba uiandike kwanza kwa lugha ambayo mama wa hadithi yako angeisema, kisha uihamishe, kwa kuwa ukianza na Kiingereza cha ofisini utajikuta umeandika ripoti ya mradi. Waandalizi wakikubali mkalimani, mchukue pasipo haya. Wasipokubali, tumia sentensi fupi za Kiingereza ulichonacho. Na ikiwa unakwenda tamasha la Zanzibar au mahali popote Kiswahili kinapokaribishwa, kiseme kwa fahari na kwa usafi.

Vyombo nitavitaja kwa haraka. Kionjo kikiwapo kisizidi dakika mbili, na sauti yake iwe safi, kwani jopo husamehe picha yenye giza lakini halisamehe maneno yasiyosikika. Kihifadhi mahali pawili, wala usitegemee intaneti ya ukumbi. Na kwa kuwa Kangeta hadi Nairobi ni safari ya zaidi ya kilomita 250, usisafiri alfajiri ya siku yenyewe. Lala mjini, uamke, uione nafasi utakayosimama kabla watu hawajaingia.

Maswali ndiyo mahali ambapo wengi hushinda au hushindwa, na liko moja ambalo halikosekani: kwa nini wewe? Usijibu kwa kusema unaipenda sanaa, maana kila aliyesimama pale anaipenda. Jibu kwa kitu ambacho mtu wa Nairobi au wa Ulaya hawezi kukipata hata akija na fedha nyingi: kwamba unajua tawi gani hubeba mtu na lipi huvunjika, kwamba wenye mashamba watakufungulia malango yao, kwamba unaweza kumtambua mtoto anayejua kukwea kwa kuzitazama nyayo zake tu. Kama huna jibu la aina hiyo, huenda hadithi uliyoichagua si yako, na ni heri ulijue hilo ukiwa ungali nyumbani. Utaulizwa pia kiasi unachohitaji. Taja fedha za hatua uliyofikia, kwa shilingi, na useme zitanunua nini na kwa muda gani. Mwenye kuomba fedha za filamu nzima ilhali mswada haujakamilika hutia shaka, na mwenye kusema chochote mtakachonipa nitashukuru hutia shaka zaidi. Mifuko nayo ina milango yake: Docubox iliyoanzishwa na Judy Kibinge ilisimama kwa ajili ya filamu za hali halisi za Afrika Mashariki, na Tume ya Filamu ya Kenya ina mipango yake kwa watengenezaji wa nchini; soma masharti ya kila mmoja kabla ya kupeleka hadithi ya kubuni mahali panapotafutwa hali halisi. Swali usilolijua jibu lake, sema hujui bado na ueleze utakavyolitafuta. Nimeona jopo likimwamini mtu zaidi baada ya jibu hilo.

Iko hofu nyingine inayowafanya vijana waseme nusu nusu, nayo ni hofu ya kuibiwa wazo. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake si kuficha, kwa kuwa wazo lisilosemwa wazi halisaidiwi na mtu. Sheria ya hakimiliki hailindi wazo lililo kichwani. Hulinda kazi iliyoandikwa au kurekodiwa. Basi andika muhtasari wako kwa kurasa kadhaa, uutie tarehe na jina lako, uusajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na utunze barua za kila uliyemtumia. Mtu akikupa mkataba ukumbini, umshukuru, uuchukue, na usiutie sahihi siku hiyo hata kama kalamu ameinyoosha mbele yako. Mpe mtu anayejua sheria ausome, uulize haki za filamu zinabaki kwa nani, kwa miaka mingapi, na katika nchi zipi.

Jioni ya siku ile ile, kabla usingizi haujakuchukua, andika kila swali uliloulizwa na jina la aliyeliuliza, kwa kuwa maswali hayo ni ramani ya mswada wako unaofuata, na mara nyingi swali lililokuudhi ndilo lenye haki. Katika juma hilo waandikie barua fupi wale waliotaka kujua zaidi, uwatumie kile tu walichokiomba. Na kama filamu yako ni ya hali halisi, nenda kwa mwenye hadithi kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote mjini, umweleze kilichosemwa juu ya maisha yake katika chumba ambacho hakuwamo, na kama fedha zimepatikana au hazikupatikana. Umuulize tena, kwa kuwa sasa analijua jambo lilivyo, kama bado anakubali.